Kifungu cha Nne

Kirugwe, kata ya Ntobeye
11 Juni 1995

Baba Aline,

Hatujambo. Aline hajambo, mbuzi hawajambo, baba mkwe hajambo ila goti lake la kushoto linamkumbusha umri kila asubuhi. Nimetanguliza salamu ili usiseme tena kwamba barua zangu huanza kama kesi.

Sasa kesi yenyewe. Sheria yako imepita! Mkutano wa kijiji ulikaa Alhamisi, na mwenyekiti Protasi akaisoma yote, vile vile ulivyoiandika kabla hujaacha ukatibu ukaenda huko Nyakanazi kuhesabu magunia ya tajiri wako. Hakuna kukata mti wala kulima kwenye kingo za Ruhita, kutoka chemchemini hadi darajani, ndani ya mstari wa minyaa. Watu walinyoosha mikono mpaka nikaona makwapa ya kijiji kizima. Hata wenye viazi bondeni walinyoosha. Nadhani kila mtu alikuwa anaukumbuka mwaka jana, tulipoacha kula samaki wa Kagera kwa sababu ya miili iliyokuwa ikielea kutoka ng'ambo, na Ruhita ukabaki mto pekee ambao mtu anaweza kukinga kiganja akanywa bila kuuliza.

Lakini bado madiwani. Protasi anasema sheria ya kijiji isiyo na muhuri wa wilaya ni maneno ya kilabuni. Watakuja mwishoni mwa Agosti kuukagua mto kwa macho yao. Wakikuta msitu wa chemchemi umesimama, watapiga muhuri. Wakikuta visiki, watasema hapa hakuna cha kulindwa, na wenye malori ya kuni wanaopeleka kambi ya wakimbizi ya Benaco wataingia na misumeno yao. Wameshakuja mara mbili kuuliza. Msitu ule ukiondoka, chemchemi inaondoka nao. Hilo hata mbuzi wetu wanalijua.

Mimi nimechaguliwa kamati ya maji. Usicheke.

Cheka hili badala yake. Nilimpeleka Aline kliniki kupimwa uzito. Nesi mpya, mtu wa Moshi, akaniuliza jina kamili la mtoto. Nikasema Aline. "Aline nani?" Nikanyamaza. "Baba yake anaitwa nani?" Nikaitazama mizani. "Na babu yake?" Nikazidi kuitazama. Akaweka kalamu chini, akanionea huruma: "Dada, kama humjui baba wa mtoto sema tu, wapo wengi." Ikabidi nimngoje mama mmoja wa Rulenge anitajie majina hayo. Nasikia huko Moshi mwanamke anamtaja mumewe na baba mkwe wake kwa jina na mbingu zinabaki juu. Huku kwetu ulimi wenyewe unagoma, na mkono pia. Ndiyo maana Pancras, kondakta wako, anacheka kila akiipokea bahasha yangu: "Kwa Baba Aline, karani wa ghala." Mwambie anachekea mila za mama yake.

Wako,
Eufrazia

*

Nyakanazi
19 Juni 1995

Mpenzi mke wangu Eufrazia,

Barua yako imenikuta kati ya malori mawili yanayogombea njia, nikaisoma nimesimama. Nimefurahi mpaka nikamnunulia Pancras chai. Hongera kwa kamati. Hongera kwa kijiji.

Sasa nisikilize kwa makini. Protasi atashawishiwa kukilegeza kifungu cha nne. Asikubali. Unakikumbuka: "Atakayemwona mkosaji atasimama mbele ya mkutano na kumtaja kwa jina lake na jina la baba yake. Kunong'ona, kusema fulani, na kusema wale, hakutapokelewa." Nilikiandika kwa sababu ya yule mzee aliyepigwa sokoni mwaka jana, watu wakisema wakimbizi wameiba mbuzi, na jioni mbuzi akarudi nyumbani mwenyewe akilia njaa. Sitaki mto wetu uwe kisingizio cha kuwapiga waliokwisha kupigwa na dunia. Mwenye kosa atajwe, basi. Sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma.

Jambo la pili. Matofali. Yalipona masika chini ya nyasi, lakini hayatapona mvua ya Septemba. Yakinyeshewa kabla hayajachomwa yatarudi kuwa udongo, na jasho langu la Januari litakuwa limekwenda na maji. Nataka yetu iwe nyumba ya kwanza ya tofali la kuchoma upande ule wa kilima. Aline asikue akibandua ukuta kwa kidole kama mimi. Mwulize baba amepanga kuchoma lini.

Nawakumbuka sana. Hapa usiku wote ni injini na muziki wa nyumba za wageni, na mimi nausikia Ruhita.

Mumeo,
Yohanes Matiasi

*

Kirugwe
2 Julai 1995

Baba Aline,

Sina habari nzuri. Mtu anakata miti chemchemini. Kwanza tuliona kisiki kimoja cha msambya, kimepakwa tope juu ili kisiangaze. Leo viko vingi, na vyote vimepakwa. Anayefanya hivi si mjinga, na anaona aibu. Mwizi wa kawaida hapaki tope.

Unajua tayari wanavyosema. "Wale." Kilabuni, kisimani, mlangoni mwa kanisa, ni wale tu. Na wale wamepata sura, maana Uwimana anapita njia ya bondeni kila jioni na mzigo wa vijiti kichwani. Ni yule mjane kutoka ng'ambo anayetulimia maharage kwa chakula. Nimevikagua vijiti vyake mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Ni vikavu, vya kuokota, mtoto angevivunja kwa goti. Nimewaambia. Wananijibu kwamba anakula kwangu, basi lazima nimtetee.

Nimeamua kwenda kuteka maji mapema kuliko wengine nione ni nani. Usiogope. Sitamkamata mtu, nitamwona tu.

Kuhusu matofali, baba mkwe anasema kuni hakuna. Ni kweli, Baba Aline. Ungekiona kilima cha Kanisani usingekijua, kimenyolewa kama kichwa cha askari mpya. Watu wa kambi wanapika, na sisi tunapika, na kilima ni kile kile. Anasema labda tungoje mwakani.

Eufrazia

*

Nyakanazi
10 Julai 1995

Mke wangu mpenzi,

Tope juu ya visiki! Jambo hilo limeninyima usingizi. Muwe macho, Agosti haiko mbali. Kama madiwani watarudi Ngara mjini bila kupiga muhuri, hatutawapata tena mpaka miti imekwisha. Nimemwandikia Protasi pia.

Nakuomba usiende peke yako.

Kuhusu matofali siwezi kungoja mwakani. Tajiri wangu anasema wakimbizi wakirudi kwao kazi hii imekwisha, na kila juma zinakuja habari kwamba watarudi. Nikirudi sina kazi na sina nyumba, nitamwambia nini mtu? Msomee baba maneno haya, kwa heshima zote: Shikamoo baba. Kuni hazimkosi mwanamume anayezitafuta. Ningependa niikute nyumba imeanza kabla ya Krismasi, nisije nikawa mtoto wa kwanza wa ukoo wetu aliyekwenda mbali akarudi na hadithi tu.

Mbusu Aline.

Yohanes Matiasi

*

Kirugwe
30 Julai 1995

Baba Aline,

Nilimsomea baba mkwe barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale pa kuni. Nikarudia. Akasema, "Haya." Akachukua fimbo akatoka.

Nimemwona anayekata miti.

Ilikuwa alfajiri, ukungu bado uko juu ya maji. Nilisikia shoka kabla sijaona mtu, linapiga taratibu na kupumzika, linapiga na kupumzika. Nikasimama nyuma ya mkuyu ule mkubwa. Hakuniona. Nikarudi nyumbani na ndoo tupu, nikamwambia Aline maji yalikuwa machafu.

Si Uwimana. Hilo naweza kulisema mbele ya altare. Zaidi ya hapo siwezi kumtaja. Usiniulize, tafadhali, na usimwambie Protasi kwamba nimeona. Chakula hakinipiti. Nikiwa jikoni nasikia shoka hata pale ambapo hakuna shoka.

Eufrazia

*

Nyakanazi
6 Agosti 1995

Eufrazia,

Umenitia hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Umemwona na huwezi kumtaja? Amekutisha? Amekupa kitu? Wewe ni mjumbe wa kamati. Kifungu cha nne hakisemi "atakayependa," kinasema "atakayemwona." Ukinyamaza, mbele ya sheria wewe ni mwenzake. Mimi ndiye niliyeiandika, na mke wangu awe wa kwanza kuivunja?

Nimefikiri sana, na ninaomba usikasirike. Mwanamke anamficha nani kwa moyo hivyo? Nikamfikiria kaka yako Anatory. Ana msumeno, anapasua mbao, na tangu kambi zije mbao zake zinanunuliwa zikiwa bado zinatoa maji. Kama ni yeye, mtaje tu. Afadhali shemeji yangu anichukie kuliko mto ukauke. Damu ni nzito kuliko maji, lakini damu hainywewi.

Nakusihi. Siku zinakwisha.

Nimalizie na jambo jema. Pancras ameniambia alipopita kwenu aliona moshi mnene nyuma ya migomba yetu. Tanuri limewashwa! Mpe baba shukrani zangu nyingi. Unaona sasa, nilisema kuni hazimkosi anayezitafuta.

Yohanes Matiasi

*

Kirugwe
14 Agosti 1995

Baba Aline,

Kaka yangu Anatory ameuza msumeno wake tangu Pasaka, akalipie matibabu ya mkewe. Ungeuliza ungejua. Lakini wewe huulizi, wewe unaandika vifungu.

Nimekaa na hasira mpaka imepoa kidogo, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Sasa nakueleza hali ilivyo, halafu nitakuuliza swali moja.

Jumatano sungusungu walimsimamisha Uwimana njiani, wakamnyang'anya panga na mzigo. Wameamuru aletwe mbele ya mkutano tarehe ishirini na sita, siku madiwani watakapokuja. Wamesema asipojulikana mwingine, basi ni yeye na wenzake, na kila mgeni anayelima kwa watu wa Kirugwe atafukuzwa arudi kambini. Unajua anatulimia kwa nini? Kule kambini yupo mtu aliyemuua mumewe, naye amepiga hema mistari michache kutoka kwake. Anamwona akipanga foleni ya unga. Hilo ameniambia mimi tu, na sasa nakwambia wewe.

Kwa hiyo nikinyamaza, Uwimana anarudishwa kwa yule mtu, madiwani wanaondoka na muhuri wao, na malori ya kuni yanaingia. Nikisema, navunja nyumba ambayo ninalala ndani yake. Ndiyo mizani yangu hiyo.

Wewe ulikiandika kifungu cha nne kwa moyo mzuri, najua. Lakini ulikiandika kama mtu ambaye hajawahi kuteka maji. Ni nani wanaokwenda Ruhita alfajiri? Ni sisi. Wake. Kila mmoja wetu aliolewa hapa akakuta majina ambayo hatayataja mpaka kufa kwake. Umetaka shahidi wa mto awe mwanamke, halafu umemwambia ushahidi ni jina. Ulikuwa na mke ndani, hukumwuliza.

Utasema, si aseme "baba wa fulani," si aseme kwa kuzunguka? Sheria yako imekataa kuzunguka. Na hata isingekataa, mkaza mwana anayesimama mbele ya ukoo kumshitaki mkubwa wa mji wake, jioni anarudi kupika kwenye jiko la nani?

Swali langu ni hili. Milima yote ina upara. Umemwagiza mtu mzima, mwenye goti bovu, anayekupenda kuliko macho yake, akutafutie kuni. Visiki vya kwanza vilionekana baada ya agizo lako la Juni, kisha akasita, akasema hakuna. Ukamwambia mwanamume huzipata. Tanuri lako limewaka, na moshi wake unanukia msambya. Alizipata wapi?

Msumeno wako umekata nyuma, Baba Aline. Angalia vidole.

Eufrazia

*

Nyakanazi
21 Agosti 1995

Eufrazia wangu,

Sina maneno ya karani leo.

Niliisoma barua yako nikaenda nyuma ya ghala nikakaa juu ya magunia mpaka wakaniita. Nimeona aibu. Nilipokuwa mdogo baba ndiye aliyenifundisha kutokata mti wa kandokando ya Ruhita hata wa kutengenezea fimbo. Sheria ile niliitoa kwake, nikaiweka vifungu tu. Na mimi ndiye niliyemfanya apake tope visiki, akijificha kama mwizi katika bonde lake mwenyewe, ili mimi nisionekane mtu bure. Nisamehe kuhusu Anatory. Nimwombe msamaha vipi mtu ambaye hajui kwamba nimemtukana?

Nimeomba ruhusa nije, tajiri amekataa. Amesema nikiondoka nisirudi. Ningeondoka, lakini magari ya siku hizi yanangoja askari wa kuyasindikiza kwenye msitu wa Biharamulo kwa sababu ya majambazi, na sina hakika ya kufika kabla ya mkutano.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine. Ni ya Protasi, aisome mbele ya madiwani. Nimemtaja baba kwa jina lake na jina la baba yake, na chini yake nimejitaja mimi, kwa kuwa yeye alikata na mimi nilimtuma. Mimi naweza kulitaja jina hilo, nimelibeba nyuma ya langu tangu nibatizwe. Wewe usiseme lolote. Mpe tu Protasi, kisha kaa na Uwimana, mshike mkono.

Pancras ameniapia kwamba atafika Ijumaa.

Yohanes

*

Kirugwe
3 Septemba 1995

Baba Aline,

Pancras hakufika Ijumaa. Magari yalizuiwa msituni, watu wakalala njiani wakingoja askari. Barua yako niliipata Jumanne, na mkutano ulikuwa Jumamosi. Nitakueleza yote, ila nivumilie.

Madiwani walikuja watatu. Waliteremka mpaka chemchemini, wakalikuna lile tope kwa viatu, wakaona. Shuleni watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Uwimana alisimamishwa mbele, ameufunga kwa kitenge mkono ulioumizwa na sungusungu, anatazama juu ya vichwa vyetu kama mtu anayengoja mvua ipite. Baba mkwe alikaa kwenye benchi la wazee, fimbo katikati ya magoti.

Protasi akakisoma kifungu chako. Akauliza, "Nani amemwona mkosaji? Asimame amtaje."

Nikawatazama wanawake wenzangu. Wote walikuwa wanaangalia vidole vyao vya miguu. Hapo ndipo nilipojua. Si kwamba hawakumwona! Karibu mwezi mzima nimebeba siri nikidhani ni yangu peke yangu, kumbe wanawake wote wa upande huu wamelisikia shoka lile, wamerudi na ndoo tupu, wamewadanganya watoto. Wote wameolewa katika ukoo mmoja. Wote wana jina lile lile mdomoni, na halitoki.

Diwani mmoja akasema, "Basi ni wakimbizi. Tuandike hivyo twende, njia ni ndefu." Mwenzake akafungua kalamu. Uwimana hakulia. Aliitazama ile kalamu tu.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, naapa. Nikasema kifungu kinataka jina na jina la baba, nami nayatoa. Aliyekata ni Eufrazia binti Audax. Nikasema matofali ni ya nyumba yangu, moshi ni wa tanuri langu, na kuni zimetoka Ruhita. Katika mji wetu hayo ndiyo majina ya watu wazima ambayo mdomo wangu unaruhusiwa, Baba Aline, na kila neno nililoongeza lilikuwa kweli ila lile la kwanza.

Kukawa na kelele. Mtu alinizomea. Kaka yangu Anatory alitoka nje. Sikumwangalia baba mkwe, na sidhani kama yeye aliniangalia. Kisha diwani mzee, yule wa Rulenge, akagonga meza. Akasema ameona vijiji vingi vinavyotunga sheria za kuwabana wageni, lakini kijiji ambacho sheria yake imemkamata mjumbe wa kamati yake chenyewe hajakiona. Sheria hiyo ina meno, akasema. Wakapiga muhuri hapo hapo. Ruhita umelindwa, kutoka chemchemini hadi darajani. Watu wakapiga makofi, na mimi nimesimama katikati yao kama mwizi wa kuku.

Nimetolewa kwenye kamati. Adhabu yangu ni kupanda miche ya misambya kwenye kila kisiki na kuimwagilia mpaka mvua zishike. Na matofali yamechukuliwa yote kujengea ukuta wa chemchemi. Wanakijiji waliyabeba siku ile ile, wakiimba. Uwimana alirudishiwa panga lake, naye akabeba. Aliponipita na tofali kichwani aliniambia kwa lugha ya kwao neno ambalo sitalitafsiri, maana ni langu. Nyumba yako ya kwanza ya tofali la kuchoma ndiyo hiyo, imezunguka maji. Imependeza, nisidanganye.

Siku zile zote chakula nilichompa baba mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, kama mgeni. Hilo liliniuma kuliko kuzomewa.

Ndipo Jumanne Pancras akaja na bahasha yako. Tulikuwa uani, Aline anachezea maharage. Baba mkwe akauliza, "Imetoka Nyakanazi?" Nikasema ndiyo, baba. "Nisomee." Nikamwambia ziko mbili, moja yangu na moja ya mwenyekiti. Akafikiri. Akasema, "Nisomee ya mwenyekiti."

Ningekataa vipi? Nikaifungua. Nikasoma: "Kwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Kirugwe. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, mimi niliyeitunga sheria hii ninamtaja aliyekata miti ya Ruhita, naye ni..."

Nikafika kwenye jina, nikanyamaza.

Aliniangalia. Nikaiangalia karatasi. Nilikuwa naliona jina lile, herufi zako zile za kulala. Akangoja kidogo, labda akidhani mwandiko umenishinda. Kisha nikaona ameelewa. Akalitaja mwenyewe, lake na la baba yake, polepole, kama mtu anayemjibu padri.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea: "...na aliyemtuma akate ni mwanawe..." Nikanyamaza tena. Akalitaja na lako pia. Sauti yake ilivunjika hapo, siyo kwenye lake.

Akaomba karatasi, akaikunja ndogo, akashika fimbo, akateremka kwa Protasi na lile goti lake. Alirudi jua linazama. Hakunieleza, lakini Protasi alikuja asubuhi. Anasema ukweli umefika na hawezi kuulalia, lazima awaandikie madiwani kwamba muhuri wao uliwekwa juu ya jina la uongo. Anadhani watauacha, kwa sababu mkosaji amejileta. Anadhani tu. Yule aliyefungua kalamu angependa sana kuutengua, na malori ya kuni hayajaenda mbali, jana nimeliona moja kwenye njia panda. Nina wasiwasi, Baba Aline. Nimeuacha mto mikononi mwa watu wanaouita njia ndefu.

Mimi na baba mkwe tunasalimiana tu, shikamoo baba, marahaba, basi.

Ila leo asubuhi niliamka kwenda kumwagilia miche, nikakuta ndoo haipo. Nikadhani Uwimana ameiazima. Unawajua wanaume wa huku, hakuna hata mmoja ambaye amewahi kuonekana na ndoo, angeona afadhali afe kwa kiu. Nikateremka mikono mitupu. Miche yote ilikuwa imeloweshwa, kisiki baada ya kisiki, na kwenye njia ya kupandia nyumbani kulikuwa na matone ya maji na alama za fimbo.

Eufrazia binti Audax